Vipimo vya damu na nimonia baada ya kiharusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya wodini kwa muda mrefu. Mengine yameulizwa na ndugu wa wagonjwa, mengine na wauguzi na matabibu vijana walioshika karatasi ya majibu ya maabara wakaniuliza, "Sista, sasa hii namba tuifanyie nini?" Nimejibu kwa urefu pale penye mkanganyiko, na kwa ufupi pale ambapo jibu ni jepesi.

Nimonia ya baada ya kiharusi ni ipi hasa?

Ni ile inayoanza ndani ya siku 7 za kwanza tangu kiharusi kimpate mtu, kwa mgonjwa ambaye hayuko kwenye mashine ya kupumulia. Mpaka huo wa siku 7 ulitokana na makubaliano ya wataalamu yaliyotolewa mwaka 2015. Kabla ya hapo kila hospitali ilikuwa na tafsiri yake, na utafiti wa huku ulikuwa haulinganishiki na wa kule. Tafiti zikijumlishwa, hupata karibu mgonjwa 1 kati ya 10. Kwa mwenye kiharusi kizito au asiyeweza kumeza sawasawa, hatari huwa kubwa zaidi. Kwenye vitabu vingine utaikuta imeitwa homa ya mapafu. Ni kitu kilekile.

Kilichoumia ni ubongo. Mapafu yameingiaje?

Kwa njia mbili, na zote mbili zinaanza siku ileile ya kwanza.

Ya kwanza ni koo. Chakula na hewa vinapita mlango mmoja kabla ya kuachana njia. Kila unapomeza, zoloto (kisanduku cha sauti kilichopo kooni) hupanda na njia ya hewa hufungwa kwa muda usiofika hata sekunde moja. Anayepanga kazi hiyo ni ubongo. Sisi wenye afya tukikosea tunapaliwa, tunakohoa mpaka machozi yanatoka, na kile kilichokosea njia kinarudi. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kukosea mara kumi kwa saa bila kukohoa hata mara moja, kwa sababu koo lake limekufa ganzi. Mate, uji, maji na vijidudu vya kinywani vinashuka kimyakimya mpaka mapafuni. Ukaguzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa mwenye shida ya kumeza ana hatari ya nimonia kama mara 3 ya asiye nayo, na yule ambaye imethibitishwa kuwa vitu vinaingia njia ya hewa ana hatari inayozidi mara 11.

Ya pili ni kinga. Ubongo ulioumia hupiga mbiu ya hatari mwilini: homoni za msongo, yaani adrenalini na kotisoli, hupanda. Ndani ya saa chache limfosaiti, yaani zile chembe nyeupe zinazobeba sehemu kubwa ya kinga, hupungua katika damu, na zilizobaki huwa dhaifu. Watafiti wa Berlin walilionyesha jambo hili kwa panya mwaka 2003. Panya waliosababishiwa kiharusi walipata maambukizi ya mapafu na ya damu. Wenzao waliopewa propranololi, dawa inayozuia kazi ya adrenalini, maambukizi yao yalipungua sana. (Ndugu mmoja aliposikia habari hii alitaka kumpa mama yake propranololi iliyokuwa imebaki nyumbani. Tafadhali msifanye hivyo. Waliotibiwa ni panya, na dawa hiyo inashusha mapigo ya moyo na shinikizo la damu.)

Kwa hiyo mgonjwa anavuta vijidudu mapafuni katika wiki ileile ambayo kinga yake imelala.

Vipimo vya mchochota ni vipi?

Mchochota ni ule mwitikio wa mwili unapoumia au kuvamiwa, ambao hospitalini wengi huuita inflamesheni. Ukitokea, damu hubadilika, na mabadiliko hayo hupimika.

Kipimo kinachofahamika zaidi ni CRP. Ni protini inayotengenezwa na ini. Iligunduliwa mwaka 1930 huko New York na Tillett na Francis, na waliigundua katika damu ya wagonjwa wa nimonia: walikuta kitu kinachoshikamana na sukari iitwayo C kutoka kwenye ukuta wa bakteria wa nimonia, na jina likatoka hapo. Mara nyingi nafikiri juu ya hilo ninaposaini fomu ya CRP ya mgonjwa wa kiharusi. Kipimo kimerudi nyumbani kilikozaliwa. CRP huanza kupanda saa chache baada ya mwili kuchokozwa, hufika kileleni kama siku ya pili, na chanzo kikiondoka hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi.

Cha pili ni hesabu ya chembe za damu, ile inayoitwa FBP Tanzania na hemogramu Kenya. Damu huchukuliwa kwenye chupa yenye kizibo cha zambarau, na karatasi inayorudi huwa na nyutrofili, limfosaiti na monosaiti, ambazo zote ni aina za chembe nyeupe, pamoja na chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Kutoka hapo hukokotolewa uwiano mbalimbali, na ndio uliojaza majarida ya utafiti miaka ya karibuni.

Cha tatu ni prokalsitonini, protini nyingine ya damu. Hupanda zaidi kwa maambukizi ya bakteria kuliko kwa jeraha tupu, lakini ni ghali, na hospitali nyingi za wilaya hazina.

Huo uwiano unakokotolewaje? Unahitaji mashine maalumu?

Hapana, unahitaji kalamu. Tuseme karatasi inasema nyutrofili 8.4, limfosaiti 1.2, monosaiti 0.6 na chembe sahani 250.

Gawanya nyutrofili kwa limfosaiti: 8.4 kwa 1.2 ni 7. Huo ndio NLR, maarufu kuliko wote. Zidisha hiyo 7 kwa chembe sahani 250, unapata 1,750, nayo huitwa SII. Ukizidisha 7 hiyohiyo kwa monosaiti 0.6 unapata 4.2, ambayo ni SIRI.

Angalia NLR unavyosimulia hadithi ya jibu lililotangulia. Nyutrofili hupanda kwa sababu ya mchochota, limfosaiti hushuka kwa sababu kinga imezimwa, na uwiano unayakusanya yote mawili katika tarakimu moja. Ndiyo maana ulivutia watafiti, na ndiyo maana mimi pia nauangalia. Pia haumwongezei mgonjwa gharama yoyote, maana FBP huwa imeshapimwa.

NLR ikifika ngapi tuogope?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na siwezi kutoa tarakimu moja. Kila utafiti umekata mstari wake mahali pake, yaani namba ambayo ikivukwa mgonjwa anahesabiwa kuwa hatarini. Sehemu kubwa ya tafiti hizo ni za hospitali moja moja, nyingi kutoka China, zilizofanywa kwa kurudi nyuma kwenye mafaili ya wagonjwa waliokwishatibiwa. Mstari uliokatwa kwa kuyajua majibu tayari huonekana mkali kuliko utakavyokuwa kwa mgonjwa wa kesho.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua wagonjwa 100 wa kiharusi, ambao kati yao 10 watapata nimonia. Tuseme kipimo chetu ni kizuri: kinawanasa 8 katika hao 10. Kwa wale 90 ambao hawataugua, kinakosea 3 kati ya kila 10, yaani watu 27. Waliopigiwa kengele wote ni 35. Wanaougua kweli kati yao ni 8, hawafiki hata robo. Geuza upande wa pili: waliobaki ni 65, na kati yao watakaougua ni 2 tu.

Hesabu hii inanifundisha kuwa namba ndogo hunipa utulivu kiasi, wakati namba kubwa hunipa sababu ya kumwangalia mtu kwa karibu. Haimpi mtu yeyote haki ya kusema "huyu ana nimonia".

Kwa hiyo CRP ikiwa juu haimaanishi nimonia imeshaanza?

Si lazima. Kiharusi chenyewe ni jeraha, na tishu ya ubongo iliyokufa huamsha mchochota. Kadiri kiharusi kinavyokuwa kikubwa ndivyo CRP na NLR zinavyopanda, hata mapafu yakiwa safi. Hapa ndipo penye ugomvi mkubwa wa kitaalamu: je, namba hizi zinatabiri nimonia, au zinapima tu ukubwa wa kiharusi, na ukubwa wa kiharusi ndio unaotabiri nimonia? Tafiti zinazozingatia ukali wa kiharusi katika hesabu zake mara nyingi hukuta NLR bado ina la kusema, lakini sauti yake imepungua.

Kinachonisaidia zaidi wodini ni mwendo wa namba. CRP ya 30 siku ya kwanza, 34 siku ya pili, 110 siku ya nne, na pumzi zimeanza kwenda mbio: hapo naita daktari bila kusubiri. CRP ya 60 siku ya kwanza inayoshuka kila siku hainipi presha.

Vipi kuhusu Afrika Mashariki? Vipimo hivi vinasomeka sawa na China au Ulaya?

Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu ndipo makosa yanapofanyika.

Malaria hupandisha CRP na prokalsitonini, na hushusha chembe sahani. Mgonjwa wa kiharusi mwenye vimelea vya malaria anaweza kuwa na CRP ya kutisha bila nimonia, huku SII yake, ambayo ndani yake tumezidisha chembe sahani, ikionekana ya kawaida. Virusi vya Ukimwi hushusha limfosaiti, na limfosaiti zikishuka NLR hupanda, ugonjwa mpya uwepo au usiwepo. Kifua kikuu hupandisha CRP kwa wiki na wiki, na picha ya kifua inaweza kuwa na makovu ya zamani yanayodhaniwa kuwa nimonia mpya. Na kama mgonjwa alipitia zahanati akachomwa sindano ya deksamethasoni, nyutrofili zitapanda na limfosaiti zitashuka kwa sababu ya dawa tu. Uliza dawa alizopewa kabla hujaisoma NLR.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Watu wengi wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara hawana alama iitwayo Duffy kwenye chembe zao nyekundu. Hali hiyo iliwakinga mababu zetu na malaria aina ya vivax. Huambatana pia na nyutrofili chache katika damu, na mtu huyo ni mzima kabisa. Sasa mchukue mtu ambaye nyutrofili zake za kila siku ni 1.8. Akipata kiharusi zikapanda hadi 5, zimekaribia mara 3 ya kawaida yake, lakini mashine itachapa 5 bila alama yoyote ya tahadhari, na NLR inaweza isifike mstari uliokatwa Shanghai au Berlin. Mgonjwa ataonekana salama kwa kipimo kisichokuwa chake. Tunahitaji mistari iliyokatwa kwa damu ya watu wetu, na natamani vyuo vyetu vya tiba vingelifanya hilo kuwa kazi ya haraka.

Tukishajua hatari ni kubwa, kwa nini asipewe antibayotiki mapema, ajikinge?

Ni wazo la busara na limejaribiwa kwa uzito wake. Uholanzi, wagonjwa zaidi ya 2,500 walishiriki katika utafiti ulioitwa PASS, nusu wakipewa seftriaksoni kwa siku 4. Uingereza, utafiti wa STROKE-INF uliwachukua zaidi ya wagonjwa 1,200 wenye shida ya kumeza katika wodi 48. Majibu ya tafiti zote mbili yalichapishwa mwaka 2015. Antibayotiki za kinga hazikupunguza nimonia kwa kiwango cha kutegemewa, na hazikuwafanya watu wapone vizuri zaidi.

Utafiti wa tatu unagusa mada yetu moja kwa moja. STRAWINSKI, uliochapishwa mwaka 2017, ulitumia prokalsitonini kuamua nani aanzishiwe dawa mapema, kwa wagonjwa 227 wenye kiharusi kizito. Baada ya miezi 3, waliotibiwa kwa kuongozwa na kipimo hawakuwa na hali bora kuliko waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida.

Nasisitiza, hayo yote yanahusu dawa za kuzuia. Nimonia ikishathibitishwa, dawa zianze mara moja. Kumnyima mgonjwa mwenye nimonia antibayotiki kwa sababu umesoma ukurasa huu litakuwa kosa kubwa.

Kuna njia ya kutabiri bila damu?

Ipo, na kwa maoni yangu ndiyo ianze. Inaitwa A2DS2, ilitengenezwa Ujerumani mwaka 2012 na huhesabika kando ya kitanda. Umri wa miaka 75 au zaidi, alama 1. Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, yale yanayotoka atria (vyumba vya juu vya moyo), alama 1. Shida ya kumeza, alama 2. Mwanaume, alama 1. Ukali wa kiharusi kwa kipimo cha NIHSS, ambacho ni alama za uchunguzi wa mgonjwa na si kipimo cha damu: chini ya 5 ni sifuri, 5 hadi 15 ni alama 3, 16 na kuendelea ni alama 5. Jumla ni 10.

Bibi wa miaka 78 mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, anayepaliwa, na mwenye NIHSS ya 17 anapata 1, 1, 2 na 5. Jumla 9. Huyo sihitaji NLR kujua kitanda chake kikae karibu na meza ya wauguzi.

Basi damu ina kazi gani?

Inasaidia kwa wale wa katikati. Mtu mwenye A2DS2 ya 4 au 5, anayemeza kwa mashaka, ndiye ambaye NLR kubwa inaweza kunifanya nimpime pumzi na joto kila baada ya saa 4 badala ya mara 2 kwa siku. Inasaidia pia homa inapotokea na daktari anajiuliza kama imetoka mapafuni, kwenye mpira wa mkojo, kwenye malaria au kwenye ubongo wenyewe.

Namba ya damu ni sababu ya kurudi kitandani kumwangalia mgonjwa. Nimeona ikigeuzwa kuwa sababu ya kutokwenda, na hilo linaniuma.

Kupima kumeza kunafanyikaje, na nani anaruhusiwa?

Muuguzi au mtaalamu aliyefundishwa. Mgonjwa awe macho na aketi wima kabisa, mto mgongoni, kidevu kisielekee juu. Naangalia kwanza kama anaweza kukohoa nikimwomba, na kama mate yanamwagika upande mmoja wa mdomo. Kisha kijiko kimoja cha chai cha maji. Vidole vyangu viwili huwa vimegusa zoloto kidogo tu, nisikie likipanda. Nasubiri. Namwambia, "Sema aaa, mzee." Sauti ikitoka na majimaji, kama mtu anayeongea huku maji yamemkaa kooni, naacha hapohapo. Ikiwa safi, kijiko cha pili, cha tatu, kisha kikombe kidogo.

Kuna baba mmoja aliletwa alfajiri, mkono na mguu wa kulia havina nguvu. Binti yake alikuwa amekuja na chupa ya uji wa ulezi, kwa upendo wote wa dunia, na nilipofika alikuwa anamnywesha amelala chali. Baba hakukohoa. Alikuwa anameza taratibu, macho yametulia. "Sista, anakunywa vizuri tu," binti akaniambia. Nikamwinua, nikamwomba baba aseme jina lake. Sauti ilitoka inabubujika. "Mwanangu, weka chupa chini kwanza," nikamwambia. Damu yake ya asubuhi hiyo ilikuwa haina shida: CRP ndogo, NLR ya kawaida, kwa sababu mwili ulikuwa bado haujapata muda wa kujibu. Siku ya tatu homa ilipanda na CRP ikaifuata.

Damu ilichelewa kwa siku mbili. Koo lilikuwa linasema tangu alfajiri.

Huko Australia, wodi 19 za kiharusi ziliingia katika utafiti wa QASC, uliochapishwa mwaka 2011. Baadhi yake wauguzi walifundishwa kusimamia mambo matatu tu kwa ukali: homa, sukari na kumeza. Baada ya siku 90, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42, dhidi ya asilimia 58 katika wodi nyingine. Mimi sijui kipimo cha mchochota kilichowahi kuleta tofauti kama hiyo kwa mgonjwa wa kiharusi.

Akiwekewa mpira wa puani wa kumlishia, hatari imekwisha?

Haijaisha. Mpira unasaidia apate chakula na dawa, lakini mate bado yanashuka, na uji unaweza kurudi juu kutoka tumboni. Alishwe kitanda kikiwa kimeinuliwa upande wa kichwa, na abaki hivyo kwa muda baada ya kula. Kinywa kisafishwe hata kama hali kwa mdomo. Wengi huacha kumpigisha mswaki kwa sababu "hali kitu", na vijidudu vinavyojaa hapo ndivyo vinavyoshuka.

Tuombe CRP kila siku?

Hakuna haja ya kuilipia kila siku kwa mgonjwa anayeendelea vizuri. Ya siku ya kwanza ina maana kama pa kuanzia, na ya kurudia ina maana hali ikibadilika. Fedha ikiwa ndogo, nashauri FBP na picha ya kifua zitangulie.

Nimwite nesi nikiona nini?

Pumzi za haraka, makohozi ya rangi, sauti ya majimaji, homa, au kuchanganyikiwa kuliko jana. Kwa wazee homa inaweza isiwepo kabisa. Usingizi mzito wa ghafla unatosha kuita.

Tukiruhusiwa kwenda nyumbani?

Kumeza hurudi kwa wengi ndani ya wiki chache, lakini si kwa wote. Kabla ya kuondoka ombeni muuguzi awaonyeshe kwa vitendo uzito wa uji unaomfaa, maana maji matupu huwa magumu kumeza kuliko uji mzito. Aketi kila anapokula. Kijiko kidogo, kinywa kiwe tupu kabla ya kijiko kinachofuata, redio na televisheni zizimwe ili asihangaike. Mswaki asubuhi na usiku. Na mkirudi kliniki njooni na karatasi zile za FBP na CRP za wodini, kwa sababu siku akiugua tena, daktari atataka kujua kawaida ya damu yake ilikuwa ngapi.